Ubao wa Shangazi Ngaire

Saa kumi na mbili kasorobo, Jumamosi,
Shangazi Ngaire alipiga honi mara moja,
kwa adabu, majirani wasimchukie,
kisha akaipiga tena, adabu ikiwa imekwisha.

Ubao ulikuwa juu ya gari,
umefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo.
Ulishakuwa mweupe; sasa una rangi ya meno ya mvutaji,
na doa la pasi ubavuni ambalo hajawahi kulieleza.
Aliununua mwaka aliofunga ndoa.
Ndoa ilichakaa kwanza.
Daktari alimwonya: nyonga mpya haitaki mzaha.
Akamjibu: hata mimi sitanii.

Barabara ilijikunja milimani.
Mikangaga mirefu kushinda nyumba
ilitudondoshea umande kiooni.
Mwanangu Kahurangi, miaka saba, alitapika ndani ya mfuko wa mkate
akauomba mkate radhi.

Tuliisikia kabla ya kuiona,
kama mtu anayeburura kabati ghorofa ya juu
na kuhama hakumaliziki.
Halafu mteremko, halafu mchanga mweusi,
mweusi wa sufuria ya kuni.
Ikifika saa tano huunguza nyayo,
watu wazima wakakimbia kwa kurukaruka,
viatu mkononi, heshima sijui wapi.

Kahurangi alitoa mfukoni sumaku ya friji,
ile yenye picha ya kondoo,
akaiburura mchangani.
Kondoo akaota ndevu.

Bendera mbili, nyekundu juu, manjano chini,
na katikati yake watu wamejazana kama maharage chunguni.
Ufuo wote uliobaki ulikuwa mtupu,
mzuri,
mwongo.

Tevita, mlinzi wa waogaji, pua imepakwa dawa nyeupe,
alimtazama shangazi, akautazama ubao,
akameza neno la kwanza, akatoa la pili:
"Mama, leo mkondo uko pale penye maji tulivu.
Pale panapoonekana pana amani."
"Najua," alisema shangazi. "Niliwahi kuolewa."

Akaingia.
Wimbi la kwanza lilimpiga kofi, la pili likamwinamia,
la tatu sikuliona, nilikuwa namfuta mtoto mchanga machoni.
Nilipoinua uso, ule ulimi laini wa maji
ulikuwa umeshamlamba.

Sikupiga kelele.
Nilifunga kifuniko cha chupa ya chai,
nikakifungua,
nikakifunga.
Mkono wake haukuinuka kuomba msaada.
Hakupiga makasia ya mikono, hakugeuza kichwa;
alilala kifudifudi kama mtu anayekandwa mgongo,
akapelekwa, mdogo, mdogo zaidi, nukta,
mwamba ukamfunika.

Walishusha boti. Injini ilikohoa mara tatu.
Kahurangi aliuliza kama shangazi amebeba mkate.

Dakika ishirini na sita. Nilizihesabu, sikuzipunguza.
Kisha sauti nyuma yetu, upande wa nchi kavu,
mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama:
"Hiyo chai bado ya moto?"

Alikuwa akichechemea, mwani sikioni,
kwapani kashika nusu ya ubao.
"Nusu nyingine?" aliuliza Tevita, redio yake bado mdomoni.
"Tumegawana," alisema.

Anadai alisimama.
Sekunde nne, ng'ambo ya mwamba, magoti yamekunjwa vizuri.
Shahidi ni membe mmoja, naye hakukaa.
Tulikula samaki na chipsi garini, madirisha yamefunga ukungu,
chumvi juu ya chumvi,
na kila alipocheka alishika nyonga.

Nusu iliyobaki ameipachika bustanini,
maharage yanaipanda.
Kondoo yuko kwenye friji yangu, ndevu zake sijazifuta.

Jumatatu alikwenda kliniki.
Akamwambia daktari ameteleza bafuni.